Tumbo kwa Tumbo, Kichwa kwa Kichwa

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu zote, za moto na za baridi. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la ukumbi wako wa michezo kimekuachia kifua. Mimi sijambo, ila miguu. Anayepiga pasi shuka za watu amesimama kutwa nzima haulizwi habari za miguu. Baba naye hajambo kidogo, na hilo "kidogo" ndilo lililonishikisha kalamu. Ningekupigia simu, lakini simu ya jirani ina masikio mengi.

Ametoka hospitali Jumamosi. Kiharusi kimemwachia upande wa kushoto, kimemnyang'anya wa kulia na maneno yote. Akili haijaguswa. Ukimuuliza jambo anafumba macho kwa kukubali, anatikisa kichwa kwa kukataa.

Nilimwingiza nyumbani nimemshika kiuno. Tulipofika sebuleni akasimama. Pale pembeni, ambapo mashine yake ya gololi, ile Sarakasi, imekaa tangu wewe hujaota meno, palikuwa na alama nne za miguu yake sakafuni, na kasha la mbao lenye kichwa cha mashine peke yake. Tumbo halipo. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu Baba alazwe, nami nikilala kwangu; nilijua ulikuja kuiangalia nikiwa kazini. Sikujua ulikuja kuichinja mashine ya Sarakasi.

Baba alilitazama lile kasha mpaka nikaogopa ataanguka. Kisha akajikokota hadi kwenye kabati la vifaa, akavikagua kimoja kimoja kama afanyavyo kila akirudi safari, akaenda kujilaza akageukia ukuta. Tangu siku hiyo anakula vijiko viwili, vitatu basi. Mkono wa kushoto, ule mzima, ameukunja ngumi haukunjuki.

Yule mama anayekuja kumnyoosha viungo aliniuliza Baba alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwambia miaka arobaini ametengeneza mashine za kumbi za michezo. Akasema, "Basi mpeni kazi anayoijua. Mkono wa kulia utaamshwa na kitu unachokikumbuka, si na huu mpira wangu wa kuminya." Akaniita kando akaongeza kwamba mgonjwa asiyetaka kula hakai sana.

Nijibu upesi. Tumbo liko wapi?

Ni mimi dada yako


11 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mfikishie Baba shikamoo yangu pia, umwambie namwombea. Mimi ni mzima, kikohozi kimepungua, kazi inakwenda hivyo hivyo.

Usikasirike kabla hujanisikiliza. Daktari wa wodi aliniambia Baba hatasimama tena. Nikaona mashine itakaa pale inakula vumbi. Kuna mkusanyaji mmoja, daktari wa meno, yuko mji wa mbali na kwangu, ana mashine ya Mbio za Farasi ambayo nimeitafuta miaka sita. Yeye alikuwa akiitaka Sarakasi. Tukakubaliana kubadilishana.

Na nilifuata kanuni ya Baba mwenyewe, neno kwa neno. Unaijua: ukibadilishana na mtu usiyemwona, tumbo kwa tumbo, kichwa kwa kichwa. Kwanza kila mmoja anatuma tumbo, yaani lile kasha kubwa lenye uwanja wa gololi na vibawa viwili vya kuirushia, na anabaki na kichwa chenye picha na namba. Ukipokea tumbo la mwenzako unalifungua, unalikagua, unaandika barua ya neno moja tu: nimeridhika. Barua zikishapishana njiani, ndipo vichwa vinasafiri. Tumbo bila kichwa ni meza mbovu, na kichwa bila tumbo ni picha ya ukutani, kwa hiyo hakuna wa kumlaghai mwenzake. Wakusanyaji wote wanaifuata kanuni hii, na wengi wao hawajui kwamba ilitoka kwenye mdomo wa fundi mmoja wa nyumbani kwetu.

Tumbo la Farasi lilinifikia zima kabisa. Nikaandika nimeridhika. Ni wiki ya tano sasa, daktari wa meno hajaandika kitu. Tumbo letu analo, najua, kwa sababu dereva wa lori alirudi na sahihi yake. Kanyamaza tu. Nimeanza kuamini ni tapeli.

Wakati namtafuta, fanya hivi: kichwa kina waya mweusi na mweupe nyuma. Mwombe fundi wa redio wa mtaani akuunganishie, taa za picha ziwake. Baba akiona yule mwanamke juu ya tembo anang'aa atachangamka.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Wewe hujambo, nimeona kwenye mwandiko, mistari imenyooka kama suruali ya mwajiriwa mpya. Sisi huku hatujambo kwa mdomo tu.

Nilifanya ulivyosema. Fundi wa redio akaunganisha, taa zikawaka, mwanamke juu ya tembo akang'aa kweli. Nikamtoa Baba chumbani, nikamketisha mbele yake. Alitazama kwa muda wa kumeza mate. Kisha akainuka mwenyewe kwa ule mguu mmoja, akakigeuza kichwa kikaelekea ukutani kwa bega, maana ngumi hataki kuikunjua. Fundi wa redio akachukua koleo lake akaondoka bila kuaga.

Amekonda. Nimekaza mkanda wake tundu tatu. Anajipigapiga kifuani kwa ile ngumi, halafu anaunyoosha mkono kuonyesha mlango. Kifua, mlango. Kifua, mlango. Namuuliza, "Unaitaka mashine yako, Baba?" Anatikisa kichwa, analia, anaanza tena. Mama wa viungo anasema labda ngumi nayo ni ugonjwa, kiharusi kingine kidogo. Nilijaribu kuikunjua nikimwosha, akaniuma. Baba yetu, ambaye hajawahi hata kunifinya.

Mdogo wangu, nimechoka na naogopa. Kazini jana niliunguza shuka mbili kwa pasi kwa sababu nilikuwa nahesabu vijiko alivyokula. Msimamizi alinihurumia, lakini huruma ya msimamizi ina mwisho. Nenda kwa huyo daktari wa meno. Usimwandikie, nenda. Mpigie magoti ikibidi, rudi na tumbo la Sarakasi. Mpe Farasi wake wakimbie. Hata kama Baba anatikisa kichwa, sina dawa nyingine.

Dada yako


27 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole sana. Natumai Baba amepata nafuu tangu uandike.

Nilikwenda. Basi lilinichukua siku mbili. Zahanati yake iko ghorofa ya chini, ina geti la kijani na kibao chenye picha ya jino linalocheka. Nilijitambulisha kwamba ni mtoto wa fundi wa Sarakasi. Alinitazama kuanzia juu hadi chini akanifungia mlango. Mtu mwenye hatia hana maneno, dada. Nilikaa pale nje mpaka wagonjwa wakaanza kunionea haya.

Sasa nina wazo. Nitamletea Baba tumbo la Farasi, nilivalishe kichwa cha Sarakasi. Nyaya hazifanani, lakini vibawa vitapiga. Mtu aliyezoea kubonyeza atabonyeza chochote. Nipe wiki mbili.

Usimwambie Baba kwamba tumeibiwa. Itamuua.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali.

Asubuhi nilikuwa namwosha Baba, akateleza, akakimbilia kushika ukingo wa beseni, na ngumi ikafunguka. Kikaanguka kitambaa chake cha mfukoni, kile cha mistari. Ndani mna koili mbili za waya wa shaba, zimefungwa uzi mweupe wa cherehani.

Hata mimi nazijua koili hizo. Nilimshikia bobini ya waya akizisuka, mezani pa jikoni, mwaka ule viwanda vilipoacha kuzitengeneza. Ndizo zinazovuta vibawa vya Sarakasi. Mahali pake ni tumboni, na tumbo umelituma. Kwa hiyo alizipata kabatini, siku ile ile aliyorudi. Mwezi mzima amezishika. Si kiharusi, mdogo wangu. Alikuwa anazilinda.

Nilimweka kitandani nikaanza kumuuliza. Hizi zilikuwa tumboni? Akafumba macho. Ulizitoa wewe, Baba, kabla ya kuugua? Akatikisa kichwa. Nikauliza la tatu, unalijua. Hakutikisa wala hakufumba. Alinitazama tu, machozi yakamwingia sikioni.

Kifua, mlango. Hakuwa anaitaka mashine. Alikuwa akisema ni juu yetu sisi kuzipeleka hizi.

Niandikie ukweli.

Dada yako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Siku kumi na mbili na hujaandika. Kama unaumwa, pole. Kama unaona haya, hayo hayalishi mgonjwa.

Baba hali kabisa tangu juzi. Naloweka kitambaa kwenye maji ya sukari nampangusa midomo. Daktari wa wodi alipita akasema tumrudishe hospitali. Baba alishika mguu wa kitanda kwa mkono wa kushoto na hatukumweza, watu wazima wawili. Nimeomba ruhusa kazini na wamenipa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo sijui.

Nilikuwa nimekuandalia maneno makali. Kikulacho ki nguoni mwako, nikaliandika hilo, nikalifuta. Sina nguvu ya kukugombeza. Nilimuuliza Baba, "Nizitume koili kwa mdogo wangu azifikishe zinakotakiwa, au nizipeleke mwenyewe kwa daktari wa meno?" Nikayarudia moja moja: nilipomtaja daktari, akatikisa kichwa. Nilipokutaja wewe akafumba macho, na akanisogezea kile kitambaa kwa kidole kimoja.

Mtu asiyetaka hata maji bado anakuamini kwa kitu alichokificha ngumini mwezi mzima. Mimi nisingekuamini, nakwambia wazi. Dereva wa lori ameshika kifurushi. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu Mama afariki, hata ulipochukua kitanda chake.

Dada yako


22 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Sistahili kuuliza hali ya Baba, lakini nauliza, na naogopa jibu.

Naandika nikiwa kwenye kiti cha wagonjwa, nyumbani kwa daktari wa meno.

Ukweli ni huu. Siku niliyoifungua Sarakasi ili niifunge kwa safari, niliziona zile koili nikaingiwa na tamaa na woga kwa pamoja. Nilijiambia ni kinga: huyu mtu akigeuka, angalau sijapoteza kazi ya mikono ya Baba. Nikazitoa, nikaweka mbili zilizoungua kutoka kwenye mkebe wa vyuma chakavu, nikaficha nzima chini kabatini nije kuzichukua pamoja na kichwa. Nilijiambia nitamtumia baadaye. Uongo. Nilishazipima kwenye tumbo la Farasi kichwani mwangu. Nilitaka mashine yake na koili zetu.

Na mwezi wa tatu sikufika mlangoni kwake. Nilifika kwenye geti la kijani, nikasimama ng'ambo ya barabara karibu na duka la viatu, nikaliona koti lake jeupe dirishani, nikapanda basi. Hakunifungia mlango. Hakuwahi hata kuniona. Nilikuandikia uongo ule nikiwa kituoni, na ningekuandikia mwingine kama kifurushi kisingefika. Nilipokifungua nikaona uzi wa cherehani. Niliketi sakafuni ukumbini kwangu, wateja wananiruka.

Daktari ni mzee mfupi, anaongea polepole kama anayesubiri ganzi ishike. Nilimweleza yote nimesimama. Alipomaliza kunisikiliza akatoa sahani ya chuma, ile wanayowekea meno yaliyong'olewa. Zile koili mbili zilizoungua zilikuwa humo, ameziosha.

Akasema, "Nilishindwa kuandika nimeridhika, maana sikuridhika. Na nilishindwa kuandika nimeibiwa, kwa sababu mashine ilitoka nyumba ya fundi. Nikafikiri, fundi amekufa. Angekuwa hai isingetoka hivi. Nimekuwa nikimwomboleza."

Dada, wamekuwa wawili wanaokaa kimya kwa ajili yangu, mmoja kila upande wa nchi, na mimi katikati naita watu matapeli.

Tumezifunga koili pamoja. Amevijaribu vibawa kwa betri, vinapiga kama mlango uliokasirika. Nilimweleza kwamba Baba yu hai, na yuko katika hali gani. Akavua miwani akaifuta muda mrefu, kisha akasema tumbo la Sarakasi lirudi nyumbani kwa fundi, nami nimrudishie la Farasi, na asiulizwe mtu swali. Lori liko hapa uani. Nasubiri neno moja tu la Baba. Likifika, litaondoka siku hiyo hiyo nami nikiwa nyuma, nimelishika kwa mikono yangu.

Kama nimechelewa, usiniandikie. Nitajua kwa ukimya.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwangu, na kutoka kwa Baba, ambaye yuko macho na ameegemea mito miwili.

Nilimsomea barua yako yote. Nilitaka kuruka pale pa geti la kijani, nikakuonea huruma, halafu nikamwonea yeye huruma zaidi nikasoma. Alisikiliza amefumba macho. Uliposema mmezifunga koili, kifua kikapanda na kushuka kama mtu aliyetua mzigo. Nilipofika pale daktari anaposema Sarakasi irudi, nikautazama uso wake nikitegemea furaha. Akatikisa kichwa.

Nikadhani hajasikia. Nikasoma tena. Akatikisa tena, safari hii kwa hasira, ile hasira yake ya kuvunja kazi mbovu na kuianza upya. Akaonyesha sebuleni.

Nilimbeba zaidi ya kumwongoza, amebaki mifupa. Akaenda moja kwa moja kwenye kichwa, kile alichokigeuza ukutani. Akakigeuza tena, akamtazama mwanamke juu ya tembo, akampangusa vumbi kwa kiganja. Tukakilaza kwenye kasha lake. Akaweka kifuniko, akanionyesha bisibisi na zile skrubu nane za mbao.

Ndipo nikaelewa, polepole kama kawaida yangu. Tumbo limeridhiwa, kichwa kinasafiri. Hata baada ya kuzielewa koili, moyoni bado nilidhani anakufa kwa kuikosa mashine yake. Hakuwa anaiomba mashine, mdogo wangu. Alikuwa anaomba tuliotoa neno tulitimize.

Skrubu ya mbao haisimami peke yake. Lazima mkono mmoja uishike na mwingine uzungushe. Nilinyoosha wangu kuishika, akanisukuma kwa kiwiko. Akaunyanyua mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauweka juu ya kifuniko kama mtu anayeweka nyama buchani, akavisogeza vidole viwili kwenye skrubu. Ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka tena. Nililia kwa sauti, sioni haya kukwambia. Mara ya nne vidole vikaminyana, dada mtu nimeona kwa macho yangu, vikaishika skrubu ikasimama wima, na bisibisi ikaanza kuzunguka.

Alifunga tatu. Jasho lilimtoka likalowesha shati. Kisha akaonyesha mdomo wake, nikamletea supu, akamaliza bakuli na kunisukumia niongeze.

Mwambie daktari wa meno hivi: fundi yu hai na anamsalimu, na Sarakasi ni yake. Karatasi ya "nimeridhika" ya Baba mwenyewe, maana ile yako ya kwanza hakuulizwa, iko ndani ya bahasha hii. Nimeiandika mimi, dole gumba ni la Baba. Avitunze vibawa, asivibonyeze kwa nguvu.

Nilimuuliza Baba nani apeleke kichwa. Dereva wa lori? Akatikisa. Mimi? Akatikisa. Wewe? Akafumba macho, na akachelewa kuyafumbua.

Njoo. Skrubu tano zimebaki. Ameziweka kwenye kisahani kando ya kasha, na amekataa nizifunge.

Dada yako